Nabii Eliya Naye Alichoka

Kijana mwenzangu! Umeshusha kabichi toka Mgeta, dalali kakupangia bei ya kutupa, na ada ya chuo inasubiriwa. Usiku usingizi hauji. Halafu mtu anakwambia eti huna imani!

Hebu fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alimkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba afe. Je, Mungu alimkaripia? Wapi! Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, kuna mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa, akala tena. Safari ya siku 40 kwenda Horebu ilikuja baadaye.

Basi sali, lakini pia kula na ulale. (Usingizi wa gongo hauhesabiki, jamani.) Mweleze mjomba, au mwenzako wa kwaya asiye na mdomo. Huzuni ikipita wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujiua, usingoje mkesha wa Ijumaa: nenda leo hii, hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale mjini Morogoro. Unaogopa kwenda peke yako? Mwombe huyo wa kwaya akusindikize.