Andika pande zote mbili

Maneno ya mmoja wa wahudumu wetu katika kikao cha kuwakaribisha waliofika karibuni, Yeoville, Johannesburg.

Wengine mmefika wiki hii tu na miguu bado imevimba kwa safari, kwa hiyo sitawachosha. Nimeombwa niseme juu ya fomu ya kuomba hifadhi. Nitaanza na mpiga piano.

Anaitwa Abdullah Ibrahim, mtunzi mkubwa wa muziki wa nchi hii. Alizaliwa Cape Town mwaka 1934, akabatizwa Adolph Johannes Brand. Baba yake alikuwa Msotho, akafariki mtoto akiwa na miaka 4. Akalelewa na upande wa mama, watu wa kanisa, na akiwa na miaka 7 akaanza kujifunza piano.

Mwaka 1950 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi. Kulikuwa na wazungu, kulikuwa na weusi, na kulikuwa na Coloured, jina walilopewa watu wa damu mchanganyiko. Penye shaka, maofisa walichomeka penseli kwenye nywele za mtu. Ikidondoka, anahesabiwa huku. Ikikwama, anahesabiwa kule. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa hivyo. Kijana wetu alihesabiwa Coloured. Kwenye karatasi, yule baba Msotho hakuwa na nafasi.

Lakini kwenye piano nafasi ilikuwepo. Alikuja hapa Johannesburg, na mwaka 1960 yeye na wenzake, akiwemo Hugh Masekela, walitoa sahani ya jazi kwa jina la Jazz Epistles. Mwaka 1974 akatoa Mannenberg. Sikilizeni muziki huo mkipata nafasi. Mna marabi, muziki uliozaliwa kwenye vilabu vya pombe vya hapa hapa Johannesburg. Mna ngoma za sherehe za Mwaka Mpya za Cape Town, nyimbo za kanisani, na jazi ya Marekani. Hakuna kimoja kinachokifunika kingine. Sahani yenyewe ilitolewa na Rashid Vally, mwenye duka la muziki hapa mjini, mtu wa asili ya Kihindi. Mannenberg ni mtaa walikohamishiwa watu waliofukuzwa kwa nguvu majumbani mwao, na waliokuwa wakipinga ubaguzi waliuchukua wimbo huo ukawa wao.

Katikati ya hayo, mwaka 1968, alisilimu akabadili jina. Wa zamani wanamjua kama Dollar Brand. Aliishi ugenini miaka mingi, akarudi mwaka 1990. Majina yake ni kadhaa, mtu ni yule yule, na hakuna jina analolificha.

Sasa nije kwangu. Baba yangu ni Mubembe wa Fizi. Mama yangu ni Munyamulenge. Mliotoka Kivu Kusini nimewaona mkitazamana. Mnajua maana yake. Kwa wajomba nilikuwa mtoto wa adui, na kwa baba zangu wadogo vile vile. Ndiyo sababu tulikimbia.

Nilipofika kuandikishwa, mtu wa kwetu aliyekuwa akijaza watu fomu kwa pesa aliniambia, "Kijana, usiwachanganye wazungu kichwa. Andika kabila la baba, basi." Nikaandika Mubembe. Siku ya mahojiano ofisa akaniuliza, kama wewe ni Mubembe, kwa nini Babembe wenzako walitaka kukuua? Nikaanza kueleza habari za mama. Akafungua fomu: mama hayumo. Kwake yeye nilikuwa nimebuni mama papo hapo. Ombi likakataliwa. Rufaa ilinila miaka minne, na katika miaka hiyo sikuacha kuona haya kwamba nilimfuta mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba. Ukiulizwa kabila, nawe una mawili, andika mawili. Kama nafasi haitoshi, endelea kwenye karatasi nyingine, itie jina lako na uiambatanishe. Kama jina lako liliandikwa namna moja kambini na namna nyingine kwenye cheti cha ubatizo, taja namna zote. Kama ulibadili dini, sema lini. Omba mkalimani wa lugha unayoielewa vizuri. Usitie sahihi kabla hujasomewa ulichosema, na ubaki na nakala. Kuomba hifadhi hakulipiwi. Anayekudai pesa anakuibia. Na kama ulishakosea kama mimi, njoo mapema turekebishe kwa maandishi kabla ya mahojiano.

Najua mtaniambia, kaka, nje hapo watu wanapigwa kwa kusema wametoka wapi. Ni kweli. Mei 2008 vurugu zilianzia Alexandra. Watu walisimamishwa njiani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Ni indololwane. Aliyeshindwa alikuwa hatarini. Walikufa watu 62, na 21 kati yao walikuwa Waafrika Kusini wenyewe. Ile penseli ilikuwa imerudi, safari hii ikiwa neno. Barabarani hudaiwi hadithi yako. Nyamaza, pita, fika nyumbani salama. Lakini mbele ya ofisa anayepima ombi lako, hadithi nzima ndiyo kinga yako, na anayepunguza nusu anampa sababu ya kutoamini nusu iliyobaki.

Watoto wenu watakaozaliwa hapa watakuwa na pande tatu, nne. Watauliza. Tuwape majibu yasiyo na ukurasa uliochanwa.

Nimemaliza. Chai ipo nyuma pale. Mwenye fomu mkononi aje tukae naye, hata kama ameshaijaza.