Kutu, Adui wa Redio

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya adui asiyepiga hodi wala kufanya kelele, naye ni kutu iingiayo ndani ya redio, tochi na simu.

Kwanza tutawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe, ingawa si habari ya kujisifia. Mjomba wetu, mvuvi wa pwani, alituachia redio yake alipokwenda bara kwa miezi mitatu. Tukaifunga kwa kitambaa, tukaitia sandukuni, tukadhani tumeitunza. Aliporudi, upepo wa kusi ulikuwa umekwisha kuanza, naye alitaka habari za hali ya hewa kabla ya kuingia baharini. Redio ilikuwa bubu. Mahali pa betri palijaa unga mweupe, na springi moja ilikuwa imeliwa hata ikakatika. Mjomba hakutugombeza, alisema tu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kwa majuma mawili alisafiri akitazama mawingu tu, nasi kila siku tulikaa pwani kwa haya na hofu mpaka tanga lake lionekane.

Basi, ni nini kilichoila redio ile? Betri za kawaida, ambazo wengi huziita mawe, zina kopo la zinki. Kopo hilo si chombo tu, bali ndilo kuni za betri: kadiri umeme utokavyo, ndivyo zinki iliwavyo. Mwisho hutoboka, na dawa iliyomo huvuja.

Kadhalika chumvi ya bahari ni mshirika wa kutu. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza jinsi alivyopata umeme kwa kupanga visahani vya zinki na vya fedha au shaba, na kati yao vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Jambo lile lile hutokea ndani ya redio penye madini mawili yanayogusana: unyevu wa chumvi ukitua juu yake, umeme mdogo huzaliwa, na madini yaliyo dhaifu huliwa.

Sasa tuseme juu ya kusafisha. Ondoeni betri zote, wala msishike unga ule kwa mikono mitupu, wala msijiguse macho. Kiinamisheni chombo, mkausugue kwa mswaki mkuukuu mkavu, ili unga uanguke nje usiingie ndani. Kisha tazameni maandishi ya betri. Ikiwa ni ya alkalini, uvujaji wake ni wa namna ya magadi makali. Chovyeni pamba katika siki au maji ya ndimu, mkaikamue, mkapanguse. Ikiwa ni betri ya kawaida ya zinki, uvujaji wake ni wa namna ya ukali wa ndimu; hapo tumieni magadi soda kidogo yaliyokorogwa katika maji. Baadaye pangusieni pamba yenye maji safi kidogo, na mwisho spiriti, kwa kuwa hukauka upesi. Spiriti hushika moto, basi iwe mbali na taa na jiko. Kutu ikibaki, iguseni kwa msasa laini, lakini kwa uangalifu, maana mkizidisha mtaondoa ngozi ya juu ikingayo chuma. Msipake mafuta ya nazi, hukusanya vumbi. Acheni chombo kikauke kivulini, si kando ya moto.

Chombo cha betri kikianguka baharini, msikiwashe kwa kujaribu. Toeni betri mara moja, kisuuzeni kwa maji safi yasiyo na chumvi, kikaushwe, kisha kipelekwe kwa fundi. Na chombo kitumiacho umeme wa nyumba msikifungue kamwe, maana umeme waweza kubaki ndani hata baada ya kuchomolewa.

Lakini kinga ni bora kuliko kazi hiyo yote. Chombo kisipotumika kwa majuma kadhaa, toeni betri. Msichanganye mpya na zilizochoka, kwa sababu zenye nguvu huzilazimisha zile dhaifu hata zikavuja. Pangusieni chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Mkiweka chombo katika kopo lenye kifuniko, tieni humo vile vifuko vyenye chembe za kunyonya unyevu vipatikanavyo ndani ya masanduku ya viatu.

Redio ya mjomba fundi aliitia springi mpya, nayo ikasema tena. Tangu siku ile, yeyote katika nyumba yetu asafiripo, kabla ya kufunga mlango huulizwa neno moja: "Betri umezitoa?" Nasi twawaachia ninyi swali hilo hilo. Kwaherini.