Breki ya Seli T

Seli T, askari wa kinga ya mwili, haikurupuki. Kipokezi chake kikishatambua kipande cha protini ya adui, bado inasubiri ishara ya pili kupitia molekuli iitwayo CD28. Isipoipata, hupooza.

Wengi waliamini kwamba ndugu ya CD28, CTLA-4, nayo huiamsha seli. Kufikia 1995, majaribio ya maabara ya James Allison huko Berkeley, Marekani, yalionyesha kinyume: CTLA-4 ni breki. Maabara ya Jeffrey Bluestone nayo ilifikia jibu hilo.

Ujasiri wa Allison ulionekana katika hatua iliyofuata. Aliwadunga panya wenye uvimbe wa saratani kingamwili ya kuziba breki hiyo, na uvimbe ukayeyuka. Hata hivyo, kampuni nyingi za dawa zilisitasita, na dawa ya kuziba CTLA-4, ipilimumabu, haikuidhinishwa Marekani hadi mwaka 2011, kwa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa wameishi zaidi ya miaka kumi.

Nobeli ya 2018 Allison alishiriki na Tasuku Honjo wa Japani, mgunduzi wa breki nyingine, PD-1. Lakini seli T zilizoachiwa breki huweza kushambulia utumbo, ini au ngozi ya mgonjwa mwenyewe, hivyo madaktari hulazimika kuzituliza kwa dawa za steroidi.