Mwili Uzoeshwe, Usiadhibiwe



Mwaka 1996, Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Vénuste Niyongabo alikuwa mkimbiaji hodari wa mita 1500, lakini nafasi yake alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyeisubiri Olimpiki kwa miaka mingi. Niyongabo mwenyewe akaingia mita 5000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu mkubwa nazo, akatwaa dhahabu. Moyo wa namna hiyo unastahili heshima kuliko hata medali.

Pumzi ya Niyongabo haikuja kwa siku moja. Moyo unaozoeshwa mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, ndiyo maana mapigo hupungua mtu akiwa amepumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Kutembea haraka kwenda kazini kunahesabika.

Mchukuzi anayebeba mifuko ya saruji kutwa nzima yeye anahitaji pia maji, kivuli na mapumziko. Jua la hapa Bujumbura si la mchezo. Mwenzenu akianza kupata kizunguzungu, kichefuchefu au kuongea ovyo, mtoeni juani upesi, mmwagieni maji, mumpepee na mumwite daktari.

Nanyi wenye viwanda, tafadhali: wekeni maji ya kunywa karibu na wapakiaji.