Mama Mjamzito na Moshi: Wajibu wa Kila Mtu Nyumbani

(Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa maeneo ya ufuoni, Kaunti ya Kisumu)



Mazungumzo ya leo yanamhusu mtoto ambaye bado hajazaliwa. Likitajwa suala la sigara na ujauzito, watu wengi humfikiria mama anayevuta. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya kila wanaume 100 nchini Kenya, takriban 15 walivuta tumbaku. Kwa wanawake, hakufika hata mmoja kati ya 100. Kwa hivyo, mama wengi wajawazito hupata moshi wa sigara ambayo hawakuiwasha wao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayevuta hauoni uzito anaombebesha mwingine.

Moshi huo humdhuru mtoto vipi? Una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mama akiivuta, damu yake hubeba oksijeni kidogo, na mtoto hupungukiwa. Nikotini nayo hubana mishipa ya damu inayopeleka chakula kwenye kondo la nyuma. Matokeo yake ni hatari ya mimba kutoka, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti kabla ya wiki 37, au kuzaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5. Mtoto mdogo hivyo hushikwa na maradhi upesi. Moshi ukiendelea baada ya kuzaliwa, huongeza hatari ya nimonia na ya kifo cha ghafla usingizini.

Hapa Kisumu kuna moshi mwingine. Wanawake wanaokaanga mgongo wazi kule Obunga, na wanaokausha samaki kwa moshi katika fuo mbalimbali, hukaa karibu na kuni kwa saa nyingi. Moshi wa kuni pia una kaboni monoksidi. Mama anayetoka kazini hapo, kisha akalala katika chumba kimoja cha mabati na mtu anayevuta, hubeba mizigo miwili.

Hakuna anayemwambia mama aache kazi inayolisha familia. Lakini mwenzake anaweza kumpokea zamu mekoni. Jiko linaweza kuwekwa mahali penye hewa, na yeye akakaa upande ambao upepo unatoka. Kuni zikaushwe vizuri, kwa kuwa kuni mbichi hutoa moshi mwingi zaidi.

Kwa upande wa tumbaku, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, zikiwemo hospitali, mikahawa na matatu. Mama akivutiwa sigara ndani ya matatu, ana haki ya kulalamika. Lakini hakuna askari anayelinda mlango wa chumba cha kulala. Hapo mlinzi ni baba mwenyewe.

Baba, kufungua dirisha hakutoshi, na kuvutia chumba cha pili hakutoshi. Moshi hupita chini ya mlango na kukaa kwenye nguo na blanketi. Kama bado hujaweza kuacha, toka nje kabisa, mbali na mlango. Bora zaidi, acha. Mwenye kutaka usaidizi anaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA kupitia nambari 1192. Ugoro si njia ya kukwepa: nikotini yake humfikia mtoto vilevile mama akiutumia.

Mama, hudhuria kliniki mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mweleze muuguzi kama kuna anayevuta nyumbani, na kama unafanya kazi motoni. Si kumshtaki mtu. Ni habari inayomsaidia kufuatilia ukuaji wa mtoto. Ikiwa ni vigumu kumkabili mume au mkwe, mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuja kuzungumza na familia nzima.

Na asiwepo anayesema muda umepita. Hata mimba ikiwa ya miezi sita, siku ambayo moshi unakoma, kaboni monoksidi huanza kutoka katika damu ya mama, na mtoto huanza kupata oksijeni zaidi.

Sasa ni wakati wa maswali, na akina baba waanze.