Kuku wa wiki sita
Mmetuuliza mbona kuku wa supamaketi ni laini lakini supu yake ni kama maji. Ni umri. Broila huchinjwa akiwa na wiki 6 hivi. Kazi yake ni kula na kulala ndani. Wa kienyeji huchukua miezi 5 au zaidi akichakura, akitafuta wadudu na majani, na nyama inakomaa.

Sasa kuna wanachama wanaouza broila sokoni wakisema ni kienyeji. Jamani! Mnunuzi akionja mara moja harudi, na kikundi kizima kinaumia. Broila si mbaya, analisha wengi kwa bei nafuu. Muuzeni kwa jina lake. Wa kienyeji naye mpeni miezi yake, hata karo ikibisha hodi.