Ndoa ya Unguja, Nyumba ya Kilakala



Bibi aliyeolewa Unguja kwa ndoa ya Kiislamu, kisha akahamia nasi hapa chini ya Uluguru, hakuvuka mpaka wa nchi. Amevuka mpaka wa sheria, kwani ndoa si jambo la Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni ya Bara. Kule huamua kadhi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, ikifasiri sheria hiyo ya Bara, ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Kadhi wa Unguja hafungwi na hukumu hiyo. Basi wakiachana, kwanza yaulizwe mahali pa kusikilizia shauri. Nyumba nayo haipewi uhamisho: ya Kilakala hufuata sheria ya ardhi ya Bara, ya Unguja hufuata ya Unguja.